Kuku Aliyepita kwa Sekunde Moja

Haya wasomaji wangu, leo naongea sinema. Msinikimbie, kwani hii ni habari ya data.

Sisi tunaoandika programu tunaijua kazi moja inayochosha kuliko zote: kuunganisha majedwali mawili yaliyotengenezwa na watu tofauti. Bila ufunguo, yaani safu moja inayopatikana katika majedwali yote mawili, unabaki na marundo mawili ya data yasiyosemezana. Waliochunguza watazamaji wa filamu hapa Afrika walikutana na tatizo hilo hilo kabla tarakilishi hazijafika.

Mwaka 1935 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulianza kazi Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Waliouendesha ni Leslie Notcutt na Geoffrey Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, kuhusu mambo kama safura, kodi na kuweka akiba posta. Walizizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini hadi nchi zinazoitwa leo Malawi na Zambia. Sauti ilitoka kwenye santuri, kwa lugha za wenyeji. Walihesabu watazamaji, wakakusanya maoni ya Waafrika na ya Wazungu, kisha wakachapisha kitabu.

Hapo ndipo mtu wa data hushtuka. Maoni ya mtazamaji ni jedwali moja. Maoni ya mtu aliyemtazama mtazamaji ni jedwali jingine kabisa. Ukiyachanganya kana kwamba ni kitu kimoja, mwenye sauti kubwa humfunika mwenzake.

Sasa sikilizeni kisa cha kuku. Mwaka 1961 John Wilson, wa Chuo Kikuu cha London, alisimulia habari ya filamu ya afya iliyoonyeshwa kijijini Afrika. Ilikuwa na urefu wa dakika tano hivi, ikifundisha polepole jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama na makopo matupu. Watazamaji wapatao 30 walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Kuku? Waliotengeneza filamu hawakujua kama ina kuku. Wakaipitia fremu moja baada ya nyingine, wakamkuta: alikuwa ameruka katika pembe ya chini ya picha kwa muda wa sekunde moja hivi.

Mnaona kilichotokea? Data za aina mbili, majibu ya watu na fremu za filamu, ziliunganishwa kwa ufunguo wa wakati. Bila zile fremu, wanakijiji wangeitwa waongo. Kumbe macho yao yalikuwa makali kuliko ya wenye kamera.

Lakini kazi iliishia nusu. Walipoulizwa zaidi, walisema hata mtu walimwona, ila hawakuwa wameunganisha hadithi nzima. Wilson akahitimisha kwamba kutazama filamu ni jambo la kujifunza. Kisa kilienea zaidi Marshall McLuhan alipokinukuu kitabuni mwaka 1962. Lakini sababu za watazamaji kwa maneno yao wenyewe ziko wapi? Katika kisa kama kilivyosimuliwa, safu hiyo ni tupu, na wataalamu wakaijaza kwa kukisia. Mwaka 2000 mwanahistoria James Burns alionyesha jinsi wakoloni walivyojenga nadharia nzima za namna Mwafrika anavyotazama filamu juu ya visa vya aina hii. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujijibu.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Kitabu cha Laura Fair kuhusu sinema za miji ya Tanzania, kilichotoka mwaka 2018, kinaunganisha nyaraka, habari za biashara ya sinema na mazungumzo na watazamaji wenyewe. Nyaraka zinaonyesha ukumbi ulijaa. Wazee wa Zanzibar ndio wanaoeleza kwa nini filamu ya Kihindi Awara, ya mwaka 1951, iliwafanya wajadili mapenzi na ndoa za kuchaguliwa.

Je, leo tumepona? Hapa Kikima, katika vilima vya Mbooni, simu moja huzungukwa na watu wanne, na YouTube huhesabu mmoja. Filamu ikiwa imesimuliwa na DJ Afro, kicheko kinaweza kuwa cha maneno yake wala si cha picha. Idadi pekee haitakuambia.

Kwa hiyo ukiunda programu ya kupima watazamaji, hifadhi vitu vitatu: sekunde ya filamu, kilichotokea pale watu walipokaa, na jibu la mtu kwa lugha yake, hata kama ni Kikamba, kabla hujalitafsiri. Viunganishe kwa wakati. Safu ikiwa tupu, iache tupu mpaka umemuuliza mwenyewe.