Msongamano wa Watu: Neno la Kariakoo, Hesabu ya Sensa

Saa tano asubuhi katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mtu hatembei, anapelekwa. Mbele yake mama kajitwisha beseni la ndizi, nyuma kijana wa mkokoteni anapaza sauti "Pisha, mzigo huo!", na kando mashati yaliyotundikwa yanamfuta usoni. Hali hiyo kila mtu anaijua kwa jina moja: msongamano.

Neno hilohilo limo katika ripoti za sensa na vitabu vya jiografia, ila huko lina kazi nyingine. Msongamano wa watu ni hesabu ya kugawanya: idadi ya watu wa mahali, igawanywe kwa ukubwa wa mahali hapo katika kilomita za mraba. Basi. Jibu halisemi kama watu wanabanana au wameachiana nafasi.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, mkoa usiofika kilomita za mraba 1,400. Hao ni zaidi ya watu 3,800 kwa kila kilomita ya mraba. Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 1,194,028 katika eneo la kilomita za mraba takriban 66,000, yaani watu 18 tu kwa kilomita ya mraba. Kwa kauli ya wanatakwimu, basi, Lindi nayo ina "msongamano" wa watu 18. Aliyewahi kupanda basi la Liwale akapita pori refu bila kuona paa la nyumba atashangaa, na ana haki ya kushangaa.

Mshangao huo unatokana na neno lenyewe. Mzizi wake ni songa, kitenzi kilekile cha kusonga ugali: mwiko unaukandamiza unga mpaka ushikane. Kikiongezwa -mana, kama katika shikamana na fungamana, tunapata songamana, kubanana mpaka nafasi iishe. Kwa hiyo neno linatoa hukumu kabla hesabu haijafanywa. Msomaji akisikia "msongamano umeongezeka", anaona ardhi imejaa.

Wala msongamano wa Kariakoo hauonekani katika jedwali la sensa. Karani wa sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, ambayo mwaka 2022 ilikuwa tarehe 23 Agosti. Wengi wanaosukumana Mtaa wa Kongo mchana hulala Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara, na huko ndiko walikoandikwa.

Wastani nao una namna yake ya kuficha mambo. Misri ina watu zaidi ya milioni 100 katika kilomita za mraba takriban milioni moja. Ukigawanya, unapata kama watu 100 kwa kilomita ya mraba. Lakini karibu wote wanaishi kando ya Nile na kwenye delta yake, katika sehemu ndogo sana ya nchi, na kwingine ni jangwa. Ndiyo maana wanajiografia wana kipimo cha pili, kinachogawanya watu kwa ardhi inayolimika peke yake. Kwa Misri, hicho ndicho kinachosema kweli.

Hata hivyo kipimo cha kwanza kina faida yake. Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3 katika sensa ya 1967, na milioni 61.7 mwaka 2022. Ardhi ni ileile, wastani umepanda kutoka kama watu 14 hadi kama 70 kwa kilomita ya mraba. Anayepanga visima, madarasa na mashamba hawezi kuipuuza tofauti hiyo.

Istilahi imekwisha kuzoeleka darasani, na kuing'oa leo ni vigumu. Lakini mwalimu na mwandishi wa habari hawazuiwi kuandika "wastani wa watu 18 kwa kilomita ya mraba" wanapoizungumzia Lindi. Neno msongamano wawaachie wale wa Mtaa wa Kongo.