Mji Uliopangwa kwa Miguu

Dar es Salaam haijawahi kuwa na tramu wala trolibasi, na anayeuliza sababu huwa anajibiwa haraka kwamba koloni lilikuwa maskini na umeme haukuwapo. Jibu hilo haliungwi mkono na historia. Umeme ulianza kuwaka mjini mwaka 1908, enzi za Wajerumani, ukiendesha karakana za reli na kuangaza nyumba za Wazungu. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905, na mwaka 1914 ilikuwa imefika Kigoma. Utawala ulioweza kutandaza mataruma kwa zaidi ya kilomita elfu moja hauwezi kusemwa kwamba ulishindwa na kilomita mbili za kutoka bandarini hadi Kariakoo. Vyuma vilikuwapo, na mafundi pia. Kilichokosekana ni haja ya kumbeba mfanyakazi, kwa sababu mji ulipangwa ili aende kazini kwa miguu yake.

Tazama mpangilio wenyewe. Uzunguni ilikaa upande wa bahari, Uhindini katikati, kisha ukaachwa uwanja wa Mnazi Mmoja, na ng'ambo yake ikachorwa mitaa iliyonyooka ya Waafrika. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapo, Kariakoo ya leo, kambi ya wapagazi wa vita, kisha wakaendeleza mitaa hiyo. Ubaguzi ulimtenga Mwafrika na mwajiri wake, lakini si kwa masafa: kutoka Gerezani mtu anafika gatini kabla jasho halijamkauka. Mabwana walivutwa kwenye riksho; mizigo ilikwenda kichwani mwa hamali au kwa mkokoteni. Na mkokoteni haujaondoka Kariakoo hadi leo: mbao ndefu juu ya ekseli ya gari kuukuu, mtu mmoja mbele kati ya mikono miwili ya mti, mwenzake nyuma akisukuma na kuzuia kwenye mteremko. Tramu hulipa pale ambapo maelfu wanaishi mbali na kazi na mshahara wao unamudu nauli ya kila siku. Hapa hayo yote mawili hayakuwapo, na nguvu za binadamu zilikuwa rahisi kuliko mtambo.

Kuna atakayepinga: mbona Unguja na Mombasa zilikuwa na reli za mjini? Zilikuwa nazo, lakini ukizichunguza zinaipa hoja hii nguvu zaidi. Vigari vya Mombasa vilipita juu ya reli nyembamba vikisukumwa na watu, wakubwa wamekaa chini ya kivuli cha turubai. Ni riksho tu iliyowekwa juu ya chuma. Reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa karne ya 20, kweli ilibeba wananchi, ila magari yalipoenea ilikufa ndani ya miaka ya 1920. Lourenço Marques, Maputo ya leo, ilipata tramu za umeme mwaka 1904, lakini bandari yake ilikuwa mlango wa migodi ya dhahabu ya Transvaal. Dar es Salaam haikuwa na dhahabu nyuma yake.

Mji ulipopanuka, wakati wa tramu ulikuwa umepita. Sensa ya 1948 ilihesabu watu wapatao 69,000. Ya 1957 ikakuta zaidi ya 128,000, Magomeni na Temeke zikiwa zinajengwa. Sasa miguu haikutosha. Kampuni ya mabasi ya DMT ilianza mwaka 1949, na miaka mitatu baadaye London ikaendesha tramu yake ya mwisho. Mkoloni asingeleta huku chombo alichokuwa anakiondoa kwao. Basi lilikuwa na sifa moja kubwa kwa mwenye fedha: halidai njia yake. Dola ilitaifisha DMT mwaka 1970, ikaunda shirika la mabasi la UDA mwaka 1974, na mwaka 1983, mabasi ya UDA yakiwa hayatoshi, ikawaruhusu watu binafsi waliokuwa wakibeba abiria kwa kuibia. Daladala zao nazo zilirithi tatizo lilelile: zote zilibanana na malori na mikokoteni katika barabara moja.

Ndiyo maana naona usafiri wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ni tramu iliyochelewa kufika. Mtu atasema ni basi tu, linatumia mafuta, halina reli. Lakini reli ilikuwa njia tu ya kulazimisha mji uwaachie abiria sehemu ya barabara, na Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani umefanya hivyo kwa zege: njia ya peke yake, vituo vya kudumu katikati, jukwaa lililolingana na sakafu ya basi, tiketi kabla ya kupanda. Lawama za foleni ndefu vituoni ni za haki, ila zinahusu uchache wa mabasi na uendeshaji, si njia. Nyaya za umeme nazo zimefika mjini, mwaka 2024, juu ya reli mpya ya SGR. Zinampeleka abiria Morogoro na Dodoma. Wa Tandika na Buguruni bado anasubiri daladala.