Tairi Moja la Mwaka Mzima: Baiskeli katika Njia za Ngarama na Nakivale

Tairi la baiskeli lililozoeleka Ngarama, katika wilaya ya Isingiro nchini Uganda, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, halikubuniwa kwa ajili ya nchi ya namna ile. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo mwaka 1888, na baadaye tairi hilo likavishwa baiskeli nzito ya Kiingereza yenye magurudumu ya inchi 28 na tairi la upana wa inchi moja na nusu, ambayo viwanda vya India na China vimeendelea kuiunda kwa kipimo kile kile. Wanyankole, wenyeji wa eneo hilo, huiita egaari, neno lenye asili moja na gari la Kiswahili, ilhali katika Kiswahili cha Kongo, kinachosikika sana Nakivale, huitwa kinga.

Makazi hayo, yaliyotangazwa rasmi mwaka 1960, yaliwapokea kwanza Watutsi waliokimbia Rwanda, nayo yamo katika ukanda wa wafugaji wenye mvua haba na migunga mingi. Njia za huko hupita mchangani, kwenye vilima vya mawe na juu ya moramu, yaani udongo mwekundu wenye kokoto unaoshindiliwa kuwa barabara, ambao mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba huufanya uteleze kama mlenda. Mwenye kupakia mikungu ya matoke hakuweza kubadilisha matairi kila majira, hivyo alichagua kwa kutazama mzigo na miba kabla ya tope.

Tairi la baiskeli ya milimani lina kashata, yaani vinundu vya mpira vinavyong'ang'ania ardhi, nalo hushika tope vizuri, lakini kwenye lami humchosha mwendeshaji, tena lile la inchi 26 haliingii katika ringi ya inchi 28. Tairi jembamba hulipasua tope jepesi mpaka kwenye ardhi ngumu, wala halizibi upesi nafasi iliyo chini ya madigadi. Udhaifu wake ni mchanga, na hapo mwendeshaji hushuka akasukuma, jambo lisilo aibu kwa mwenye mzigo. Mwiba wa mgunga, kwa upande wake, haujali kashata, na kinachouzuia ni unene wa mpira, au kipande cha tairi kuukuu kilicholazwa kati ya tairi na tyubu.

Rais Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda mwaka 1972, biashara iliyokuwa mikononi mwao ilivurugika na vipuri vikawa adimu, hivyo kuchagua tairi kwenyewe kukawa anasa. Pikipiki za boda boda, kazi ambayo huko Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ilianza kwa baiskeli, zilikuja kuzinyang'anya baiskeli abiria. Hata hivyo mpira uliochakaa hautupwi: tyubu iliyochoka hukatwa kamba za kufungia mizigo, na huko Goma nchini Kongo magurudumu ya mbao ya chukudu, yaani skuta ya mbao ya kubebea mizigo, huvishwa ukanda wa tairi kuukuu.