Klabu ni ya nani? Jangwani na Msimbazi kwa jicho la historia

Bumu limeshakata, mitihani inanukia, na badala ya kusoma watu wa bwenini kwetu wamebishana siku tatu mfululizo kuhusu Simba na Yanga. Safari hii sio ubishi wa magoli. Jamaa mmoja anayesoma biashara katamka kwamba klabu ni kampuni kama kiwanda cha soda, mwenye hela ndo mwenye sauti, na wale wazee wa kadi wakapumzike. Chumba kizima kikawaka moto. Mimi nasoma historia, nikaona niliweke hili kwa maandishi, maana kubishana na watu wenye njaa ni kazi.

Tuanze na mji wenyewe. Waingereza waliingia Dar mwaka 1916, katikati ya vita na Wajerumani. Wapagazi wao wa jeshi, ile "Carrier Corps", wakapiga kambi pale sokoni, na ndo tukapata jina la Kariakoo. Vita vilipokwisha mji ukagawanywa kwa rangi ya ngozi: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, halafu uwazi wa Mnazi Mmoja kama ukuta usio na matofali, na ng'ambo yake Kariakoo ya Waafrika. Mzungu alikuwa na Gymkhana yake, gofu na tenisi, upepo wa bahari unampuliza. Wahindi nao walikuwa na klabu za jumuiya zao. Mwafrika aliyetoka kazini bandarini au reli alirudi Kariakoo, na starehe yake alijitengenezea mwenyewe.

Na alijitengenezea kwelikweli. Kwenye beni kulikuwa na Marini na Arinoti, wakishindana kwa sare na gwaride. Kwenye taarabu wakaja Egyptian na Al-Watan. Mtu ukihamia mjini huna ndugu, chama ndo kinakuwa ndugu: ukiumwa wanakuja, ukifiwa wanachanga, ukikosa kazi kuna mtu anamjua mtu. Kwa hiyo mpira ulipokolea, haukukuta uwanja mtupu. Ulikuta watu wenye mazoea ya kuchanga, kuchagua viongozi, na (tusifichane) kugombana na kujitenga.

Tarehe 11 Februari 1935 ikazaliwa Young Africans, ambayo midomo ya Kariakoo ikaifanya Yanga. Angalieni hilo jina. Vijana wa Kiafrika! Katika mji ambao Mwafrika alihesabiwa wa daraja la tatu, kujiita hivyo ni tamko. Mwaka uliofuata tu, 1936, wenzao wakajitenga wakaanza na jina la Queens, baadaye Sunderland. Hilo la Sunderland lilidumu mpaka 1971, ndipo wakaitwa Simba. Watani mnaocheka hilo jina la Kizungu, kumbukeni hao hao Sunderland ndo walikuja kuwapiga sita bila mwaka 1977, wakiwa Simba tayari. (Na nyie wa Msimbazi msivimbe, 1968 mlikula tano bila.)

Sasa tuje kwenye majengo, maana hapo ndo hoja ilipo. TAA na baadaye TANU, iliyozaliwa Julai 1954, ofisi ilikuwa New Street, leo Lumumba, hatua chache kutoka kwa hawa jamaa wa mpira. Mtu huyohuyo asubuhi alikuwa na kadi ya chama cha siasa na jioni yuko na kadi ya klabu. Yanga hasa ilihesabiwa kuwa karibu na TANU. Baada ya uhuru klabu zote mbili zikapata nyumba zake, Yanga kwenye kona ya Twiga na Jangwani, Simba Mtaa wa Msimbazi, na Mzee Karume anakumbukwa kwa kuzichangia. Yanga wakawa na uwanja wao wa Kaunda hapo pembeni, ambao bonde la Msimbazi likifurika unageuka bwawa. Ukipita na mwendokasi kipindi cha masika utaelewa.

Nyumba ikishakuwepo, swali la mwenye nyumba linafuata. Katikati ya miaka ya 70 Yanga ikapasuka kati ya "Raizoni" na "Kandambili". Raizoni vilikuwa viatu vya fasheni, vya soli nene. Kandambili mnazijua, mnaogea nazo. Majina yenyewe yanakwambia ugomvi ulikuwa wa nani na nani. Walioondoka wakaunda Pan African mwaka 1976, timu nzuri kabisa, ikachukua ubingwa wa Tanzania 1982. Lakini leo iko wapi? Vipaji viliondoka, jengo, jina na wanachama wa kandambili vikabaki Jangwani. Tena baadaye ukaja ugomvi wa Yanga Asili na Yanga Kampuni, kwa hiyo huyu jamaa wetu wa biashara asidhani kaleta jambo jipya.

Tuwe wakweli, matajiri nao wana mchango. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF 1993, Azim Dewji alikuwa nyuma yake. Desemba 2017 Mohammed Dewji akashinda zabuni ya asilimia 49 ya hisa za Simba kwa shilingi bilioni 20, wanachama wakabaki na 51. Yanga wakapitisha mabadiliko ya aina hiyo 2021. Matunda tumeyaona: Yanga fainali ya Shirikisho 2023, Simba fainali hiyohiyo 2025.

Ila kuna kipindi katikati ambacho watu wanakisahau haraka. Yusuf Manji alipojiuzulu uenyekiti wa Yanga 2017, hela zikakauka. Bakuli likapitishwa, mashabiki wakachanga buku buku, timu ikaendelea kucheza. Kampuni ya soda ikiishiwa, wanywaji wake hawapitishi bakuli. Wanahamia soda nyingine.

Kwa hiyo jibu langu kwa chumba chetu ni hili: tajiri akaribishwe, apewe kiti na heshima yake, na mahesabu yakaguliwe kama kampuni yoyote. Lakini ile asilimia 51 sio huruma kwa wazee. Ni deni la watu waliochanga senti zao Kariakoo wakati hakuna klabu nyingine mjini ingewafungulia mlango.

Jamaa wa biashara ameshasoma hii, anasema atajibu baada ya mitihani. Nyie mnaonaje? Wa Msimbazi mje taratibu.