Habari za Vyombo vya Kushonwa

Wasikilizaji wangu, amwonaye fundi wa Pemba akiunda mashua uani kwake, kwa tezo na keekee, bila ya mchoro wo wote ila uzi na jicho lake, aweza kudhani ya kuwa kazi hiyo imekuwa hivyo tangu zamani. Sivyo. Msumari aupigao ni mgeni katika kazi hiyo. Wazee wa kale walishona vyombo vyao.

Yapata miaka elfu mbili iliyopita, mfanya biashara mmoja wa Misri aliyeandika Kiyunani alitaja kisiwa kiitwacho Menuthias, karibu na pwani yetu. Wataalamu wengine wasema ni Pemba, wengine Unguja au Mafia. Wapemba wana haki ya kukidai kama wenzao. Huko, asema, watu walikuwa na mitumbwi na vyombo vya kushonwa, wakivua samaki na kukamata kasa. Tena walitega samaki kwa vikapu.

Mashuhuri katika vyombo hivyo ni mtepe, uliokuwa ukiundwa hasa katika visiwa vya Lamu. Fundi alitoboa matundu kandokando ya mbao, akazishona kwa kamba ya makumbi ya nazi, akayaziba matundu kwa vijiti. Mbao ziliungwa kwanza, mataruma yakatiwa baadaye. Tanga lilikuwa la mkeka.

Je, ulikuwa ujinga? Hasha! Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza juu ya vyombo vya Bara Hindi na Yaman ya kuwa chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, bali cha kushonwa hunepa. Nanyi mwaijua miamba ya bahari yetu. Walakini mtepe ulivuja mno, na mabaharia hawakupumzika kukumba maji.

Wareno walifika mwaka 1498 na merikebu za misumari. Hata neno parafujo twalipata kwao. Lakini ushonaji haukukoma upesi, kwa maana mitepe ilisafiri mpaka karne ya 20. Nionavyo mimi, fundi alipata chombo kigumu akapoteza uhuru: makumbi aliyatoa shambani, misumari hununua dukani.

Mwaka 2003 mtepe ulishonwa upya mjini Unguja kwa ajili ya makumbusho ya Beit-al-Ajaib. Vile vikapu vya kutegea samaki havikuhitaji kufufuliwa. Ni madema, nayo Pemba yasukwa hata leo.