Wabenzi na shangingi

Miaka ya 1960 Waswahili waliwabunia vigogo kabila: Wabenzi. Kiambishi ni kile kile cha Wagogo na Wahehe, ila hawa walitambulika kwa nyota ya ncha tatu juu ya boneti ya Mercedes-Benz.

BMW haikuzaa kabila, ingawa inasifika kwa mwendo na usukani unaotii, na mwaka 2005 iliipiku Mercedes-Benz kwa mauzo ya magari ya kifahari duniani. Mercedes ikarudi kileleni 2016. BMW ikakitwaa tena 2021.

Tanzania ilimpata mshindi mwingine. Toyota Land Cruiser VX, yenye viti vya kifahari na isiyoogopa makorongo, iliitwa shangingi, jina la mwanamke wa mjini mwenye mbwembwe. Limekaa vizuri mno: Wabenzi liliwataja wenye magari, shangingi linalitaja gari lenyewe, hata bungeni wabunge wanapohoji matumizi ya serikali.