Jinsi mifupa ya mtoto hukua na sababu ya kutopuuza jeraha lake

WENGI hudhani kuwa mfupa ni kitu kikavu kama jiwe. La hasha! Mfupa u hai. Una mishipa ya damu, neva na seli zinazoujenga na kuubomoa maishani mwote.

Takriban theluthi mbili za uzani wake ni madini, hasa kalisi na fosfeti, yanayoupa ugumu. Sehemu kubwa ya uzani unaosalia ni protini inayouwezesha kuhimili kishindo bila kuvunjika upesi. Ndani mna uboho, ambamo seli za damu hutengenezwa.

Mtoto huzaliwa akiwa na vipande vya mifupa vipatavyo 300, vingi vikiwa bado na gegedu, kitu laini kama kile kilicho sikioni. Baadhi huungana anapokua, na mtu mzima huwa na mifupa 206.

Mifupa mirefu, mathalan ya paja, hairefuki katikati. Karibu na ncha zake mna bamba jembamba la gegedu. Seli za bamba hilo huongezeka na kujipanga safu safu, kisha gegedu huchukuliwa nafasi na mfupa mpya. Mwishoni mwa kubalehe bamba hugeuka mfupa kabisa, wasichana wakiwatangulia wavulana, na kimo hakiongezeki tena.

Ndiposa mtoto aliyeumia karibu na kiungo hafai kukandwa tu nyumbani. Bamba ni dhaifu kuliko mfupa ulio kando yake. Likiharibika, mguu au mkono unaweza kubaki mfupi au kupinda. Mtoto huyo apelekwe hospitalini akapigwe picha ya eksirei.

Hatari nyingine ni matege yanayosababishwa na ukosefu wa vitamini D au kalisi. Gegedu hukosa madini, mifupa ikawa laini na miguu ikapinda kwa uzito wa mwili. Ngozi hutengeneza vitamini D inapopata jua. Kwa hivyo, hata katika nchi yenye jua tele kama Kenya, mtoto anayefungiwa ndani mchana kutwa yumo hatarini. Kalisi nayo hupatikana katika maziwa, na pia omena, ambao huliwa pamoja na mifupa yao.

Aidha, mifupa huendelea kuwa mizito hadi mtu anapokaribia umri wa miaka 30, kisha huanza kupungua polepole. Anayekosa lishe bora na mazoezi utotoni huingia uzeeni na mifupa iliyo rahisi kuvunjika.